Duka Lina Mwenyewe, Wakfu Je?



Ndugu msomaji, kwanza tumshukuru Allah (S.W.T) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Wangapi tulifuturu nao mwaka jana na leo hawapo? Allah awarehemu, na sisi tuliobaki atukubalie saumu zetu. Amin.

Muhula uliopita mhadhiri wetu wa somo la biashara alitupa kazi ya kuandika. Kila mmoja achague duka moja na shirika moja la hisani, kisha ayalinganishe kwa maswali matatu: Lengo lake ni nini? Mwenyewe ni nani? Na washikadau wake, yaani wale wote wanaoguswa na mambo yake, ni akina nani? Wenzangu wengi walikimbilia makampuni ya ng'ambo. Mimi nikakumbuka jambo lililotokea mtaani kwetu Ramadhan iliyopita.

Msikiti wetu una vyumba vinne vya maduka ubavuni. Vyumba hivyo ni wakfu, na aliyevitoa alishafariki kabla hata baba yangu hajaoa. Usiku mmoja baada ya tarawehe ikatangazwa tuchange pesa, manake feni mbili zimeharibika na mahali pa kutawadhia panavuja. Kijana mmoja akauliza kwa upole, "Je, kodi ya maduka inakwenda wapi?" Mzee mmoja akamjibu, "Mwanangu, mali ya Mungu haiulizwi."

Tukanyamaza. Mzee ni mzee, na adabu ni nusu ya dini. Lakini neno lile lilinikaa kifuani. Nikasema, basi hii ndiyo kazi yangu ya chuo. Hebu tuirudie historia, tuone kama kweli mali ya Mungu haiulizwi.

KISIMA KIMOJA, HALI MBILI

Mtume (S.A.W) na Maswahaba walipohamia Madina, maji matamu yalikuwa shida. Kulikuwa na kisima kinaitwa Ruma, na mwenye kisima akiyauza maji yake. Mwenye pesa anakunywa, asiyekuwa nazo anavumilia. Tusimlaumu haraka, kwani kuuza si haramu. Kisima ni chake, lengo lake ni kupata riziki, na anayemhusu ni yule mwenye kulipa.

Mtume (S.A.W) akawahimiza watu kwamba atakayekinunua kisima kile na kuifanya ndoo yake kuwa sawa na ndoo za Waislamu wengine, malipo yake ni Pepo. Sayyidna Uthman bin Affan (R.A), ambaye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mkubwa, akakinunua kwa mali yake akakitoa.

Sasa tazama vizuri. Maji ni yale yale, kamba ni ile ile, shimo ni lile lile. Kilichobadilika ni majibu ya maswali matatu ya mhadhiri wetu. Lengo si faida tena bali ni kiu ya watu iondoke. Mwenyewe si fulani tena. Na anayehusika ni kila mwenye kiu, awe na pesa au hana. Hata Uthman mwenyewe akija kuteka anapanga ndoo yake pamoja na wengine.

Jambo jingine tulione. Bila ya biashara, Uthman angepata wapi mali ya kununulia kisima? Duka na sadaka si maadui. Kila kimoja kina kazi yake, tatizo huanza tunapovichanganya.

SHAMBA LA KHAYBAR

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A) alipata shamba Khaybar, na akasema hajapata kuwa na mali anayoipenda kuliko hiyo. Akaenda kwa Mtume (S.A.W) kutaka shauri. Akashauriwa alizuie shamba lenyewe na atoe sadaka mazao yake. Umar akafanya hivyo: shamba lisiuzwe, lisitolewe zawadi, lisirithiwe. Mazao yawaendee mafukara, jamaa wa karibu, kuwakomboa watumwa, njia ya Allah, msafiri na mgeni.

Je, msimamizi? Naye alitajwa. Anaruhusiwa kula kwa wema, bila ya kujitajirisha. Na usimamizi wenyewe uliandikwa: baada ya Umar alipewa binti yake, Bi Hafsa (R.A), mke wa Mtume, na baada yake mwenye busara katika jamaa zake. Dada zangu mnaosoma haya, mnaona? Msimamizi wa mwanzo baada ya mwenye kutoa alikuwa mwanamke.

Kwa lugha ya chuoni, Umar aliacha katiba. Lengo limeandikwa. Umiliki umefungwa, hakuna mwanadamu awezaye kusema shamba hili ni langu. Washikadau wametajwa mmoja mmoja, na mshahara wa msimamizi umewekewa mpaka.

Mfumo huu ndio uliojenga miji ya Waislamu. Kule Cairo, Sultan Qalawun alijenga hospitali kubwa mwaka 1284, na ili iendelee kutibu watu aliiwekea wakfu wa mali zenye kuleta kodi, yakiwemo maduka. Yaani faida ya duka ikawa dawa ya mgonjwa. Vile vyumba vinne ubavuni mwa msikiti wetu ni wajukuu wa fikra hiyo hiyo.

TUJE KWENYE DUKA

Kwa upande wa duka nilichagua Uchumi, kampuni ambayo wazazi wetu wanaijua vizuri. Iliundwa mwaka 1975 na mashirika matatu ya serikali ya Kenya: ICDC, KNTC na KWAL (hili la mwisho ni la mvinyo, Allah atuepushe). Lengo la mwanzo lilikuwa na sura ya huduma. Bidhaa zimfikie mwananchi kwa njia ya haki, na viwanda vya hapa nchini vipate pa kuuzia. Mwenyewe alikuwa serikali.

Mwaka 1992 Uchumi ikaingia Soko la Hisa la Nairobi. Hapo umiliki ukapanuka, mwalimu au karani aliyeweka akiba yake akaweza kununua hisa. Na umiliki ukibadilika, lengo nalo husogea. Mwenye hisa anangoja gawio mwisho wa mwaka. Haulizi tu kama wananchi wamepata sukari, anauliza pesa yangu imezaa nini.

Kampuni ikafungua matawi mengi, madeni nayo yakapanda. Mwanzoni mwa mwezi Juni 2006 milango ikafungwa. Kumbe hapo ndipo utawajua washikadau wa duka! Wafanyakazi wakapiga kelele juu ya kazi zao. Mabenki yakadai mikopo. Waliopeleka bidhaa wakadai malipo yao. Wenye hisa wakalilia akiba zao. Serikali ikaingilia kati. Kelele zile zilikuwa na athari: kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, na Julai mwaka huo huo milango ikafunguliwa tena. Mwaka 2011 hisa zake zikarudi sokoni.

Mambo hayakuishia kwa furaha. Mwaka 2015 wakuu waliondolewa, matawi ya Uganda na Tanzania yakafungwa, na madai ya waliopeleka bidhaa yakaanza upya. Sikuandika haya kuisema vibaya kampuni hiyo. Nataka tuone kitu kimoja: duka likiugua, watu wanajua, tena wanajua mapema. Kwa nini? Kwa sababu kila anayelidai ana karatasi mkononi. Mwenye hisa ana cheti, mfanyakazi ana barua ya kazi, aliyeleta maziwa ana ankra, benki ina mkataba.

WAKFU UKIUGUA, NANI ATALIA?

Sasa rudi kwenye wakfu. Washikadau wake ni nani? Fukara, yatima, msafiri, mwanafunzi wa madrasa, na mtoto ambaye hajazaliwa bado atakayesali pale miaka mia ijayo. Nani kati ya hao ana karatasi? Hakuna. Mwenye kutoa yuko kaburini akingoja thawabu zake za sadaka inayoendelea. Mali ikiliwa kidogo kidogo, au ikilala tu bila ya kazi, hakuna mlango utakaofungwa kwa kishindo wala gazeti litakaloandika. Wakfu hufa kimya kimya.

Hapa kwetu Pwani jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 1900, chini ya utawala wa Kiingereza, iliwekwa sheria ya Makamishna wa Wakfu, ili pawe na watu maalumu wa kuangalia mali hizi. Lakini sheria za wageni nazo zilileta mtihani. Mwaka 1894 majaji wa juu kule London, katika kesi ya kutoka India, walikataa wakfu ambao kwa kweli unawanufaisha watoto na wajukuu huku mafukara wakitajwa mwisho kabisa. Kwao hiyo haikuwa sadaka ya kweli. Mahakama za Afrika Mashariki zikaifuata hukumu hiyo, japokuwa jamaa wa karibu walitajwa wazi katika wakfu wa Umar. Ilibidi ije sheria ya Kenya ya mwaka 1951 ndipo wakfu wa mtu kwa familia yake ukatamkwa kuwa ni sahihi.

Unaona basi? Hata majaji walikuwa wanagombania maswali yale yale ya mhadhiri wangu. Hii ni mali ya nani, kwa lengo gani, na nani ahesabiwe kuwa mshikadau?

MALI YA MUNGU HUULIZWA

Turudi kwa neno la yule mzee wetu. Katika hadithi sahihi tunasoma kwamba Mtume (S.A.W) alimtuma mtu mmoja aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akagawa alichokuja nacho mafungu mawili, hili lenu na hili nimepewa zawadi. Mtume (S.A.W) hakunyamaza. Alimuuliza kama angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, je, zawadi hiyo ingemfuata? Kisha akasimama kuwahutubia watu wote juu ya jambo hilo.

Basi aliyekagua hesabu za mali ya Mungu ni Mtume wa Mungu mwenyewe! Ikiwa Swahaba aliulizwa, mimi na wewe ni nani tusiulizwe? Tena nasema, mali ya Mungu inahitaji kuulizwa zaidi kuliko ya duka. Duka lina mwenyewe duniani, asipouliza leo atauliza kesho. Wakfu hauna mwenyewe isipokuwa Allah, na sisi sote tumewekwa kuwa macho ya wale wasio na karatasi.

Lakini vijana wenzangu, kuuliza kuna adabu yake. Kuuliza si kutuhumu. Usisimame baada ya tarawehe ukamfokea mtu mzima mbele za watu, kisha ukasema unaamrisha mema. Anza na mambo mepesi. Je, hati ya wakfu iko wapi? Mwenye kutoa aliweka masharti gani? Kodi ni ngapi, inaingia lini, inatoka kwa nini? Wewe unayesoma uhasibu, jitolee kuandika daftari. Wewe unayejua kompyuta, ipige chapa hati kuukuu kabla mchwa hawajaimaliza.

Na yale maduka ya msikiti wetu? Baada ya kumaliza kazi ya chuo tulimwendea yule mzee nyumbani kwake, watatu sisi, alasiri moja. Tulimwamkia, tukakaa chini, tukamsimulia habari ya shamba la Khaybar. Alinyamaza kitambo. Kisha akaingia ndani akatoka na daftari la zamani limefungwa kwa uzi. "Nimeliweka miaka yote hii," akasema, "hakuna aliyewahi kuniomba."

Tukalifungua. Wallahi hakuna shilingi iliyoibiwa. Kila kodi imeandikwa kwa mkono wake. Ila kodi yenyewe ilikuwa ile ile iliyopangwa zamani, siku ambazo mkate ulikuwa wa shilingi chache, na haikutosha hata kulipa umeme wa mwezi mmoja. Mpangaji mmoja alikuwa amempangisha mwingine kwa bei kubwa mara nyingi, na tofauti anaitia mfukoni. Mzee hakuwa mwizi. Alikuwa peke yake.

Leo kamati ina watu watano, wawili kati yao ni vijana, na hesabu hubandikwa ukutani karibu na mahali pa viatu kila mwisho wa mwezi. Mzee ndiye mwenyekiti. Wapangaji wamekubali kodi mpya, ingawa mmoja bado ananuna. Feni zinazunguka.

Alama za mhadhiri nilipata nzuri, alhamdulillahi. Lakini kazi hasa ni ile iliyobaki misikitini na madrasani kwetu. Ramadhan hii, ukitoa sadaka yako, toa na swali lako pamoja nayo, kwa adabu na kwa nia safi.

Allah atujaalie tuwe waaminifu juu ya amana zake, awarehemu waliotuachia mali hizi, na atukutanishe nao akiwa radhi nasi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.