Namba Ndani ya Picha: Mbale na Tiba ya Kichwa Maji

Historia ya tiba ya kichwa maji mjini Mbale ni historia ya kisu, na pia ya kipimo. Daktari Benjamin Warf, aliyefika huko mwaka 2000, aliwafungulia watoto njia mpya ya maji ndani ya ubongo na kuchoma tishu zinazoyatengeneza, badala ya kuwawekea mpira wa kudumu. Mpira ukiziba, mtoto wa kijijini huweza kufa kabla ya kufika hospitali.

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 100 katika Hospitali ya CURE. Baada ya miezi 12, ukuaji wa akili na ujazo wa ubongo havikuonyesha tofauti ya kitakwimu kati ya njia hizo mbili.

Ujazo huo hupimwa kwa picha za CT. Kwa kawaida kila kipande kina pikseli 512 kwa 512, na katika kipimo cha Hounsfield maji ni 0, hewa ni -1000. Faili likibanwa kwa JPEG, namba hizo hazisomeki moja kwa moja. Amri ya dcmdjpeg, iliyotungwa Ujerumani, hulifumua na kuandika pikseli ghafi: baiti 524,288 kwa kipande, kila pikseli ikichukua baiti 2.

Lakini kama ubanaji ulitupa sehemu ya taarifa, hakuna amri itakayoirudisha. Mwanahistoria wa tiba basi aulize kwanza: picha ilihifadhiwaje?