Kabla ya Tiki za Bluu Kulikuwa na Burma

Juzi msichana wangu, aliyeenda Doha kutafuta kazi, aliniuliza: "Bado unanipenda ama umechoka?" Nilikuwa nimesoma meseji zake na kunyamaza siku mbili. Nikamwambia sikuwa na data. Hiyo ni nusu ya ukweli.

Chuo niliacha, lakini historia haijaniacha. Swali lake lilinipeleka mbali.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa huku Ukambani walijiunga na jeshi la KAR kwa wingi sana. Askari wa KAR walipigana Abyssinia, wakaenda Madagaska 1942, halafu Burma 1944. Na Burma si mahali pa kurudi wikendi, bana.

Sasa fikiria uko kule msituni na mpenzi wako yuko hapa Machakos. Wengi hawakujua kuandika. Unamtafuta mwenzako aliyesoma, unamwambia yaliyo moyoni, anaandika. Kisha wakaguzi wa jeshi wanaisoma barua na kufuta wasichokipenda. Ndipo inavuka Bahari ya Hindi. Ikifika, kama msichana naye hajasoma, anasomewa na mwalimu ama karani. Yaani "nakukumbuka" yako imepita kwa watu watatu kabla ya kumfikia mwenyewe! Aibu yote hiyo, na bado waliandika.

Wengine hawakupata hata nafasi hiyo. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikielekea Colombo, imebeba mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Wajapani iliipiga. Ilizama kwa dakika chache tu, na watu zaidi ya 1,200 wakafa. Siku mbili kabla ya Valentine, hii tunayogombania maua.

Huwa nawaza kuhusu waliobaki nyumbani. Siku zinapita, barua haiji. Je, amenisahau? Amepata mwingine? Kumbe aliyeulizwa hayuko tena wa kujibu. Ukimya wa mtu aliye mbali hauna sura. Wa aliyechoka, wa aliyekufa na wa mvivu, wote unafanana kwa anayengoja.

Hapo ndipo nilijiona. Wale walizuiwa na vita, wakaguzi na bahari. Mimi nilizuiwa na data ya shilingi ishirini, na kiburi kidogo, kwa sababu yeye analipwa na mimi bado najitafuta. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya ukweli.

Nikanunua data. Nikamrekodia sauti ya dakika nne, nikamwambia yote, nikamalizia kwa Kikamba: nĩngwendete. Hakuna karani, hakuna mkaguzi.

Na wewe, ni nani anangoja neno lako? Mwandikie leo.