Kuponi zilikuwa sawa, kabati hazikuwa sawa

Wasee, sikieni hii. Jumapili, tarehe 1 Juni 1941, Waingereza waliambiwa redioni kwamba kuanzia siku hiyo, pesa peke yake hainunui nguo. Lazima uwe na kuponi. Serikali ilificha mpango huo hadi dakika ya mwisho ili watu wasivamie maduka. Vitabu vya kuponi za nguo havikuwa vimefikia watu, basi wakaambiwa watumie kuponi zilizobaki za majarini. Manze, kuponi ya kupaka mkate ikageuka ya kununua gauni!

Kila mtu mzima alipewa kuponi 66 za mwaka mzima. Piga hesabu: koti la sufu lenye bitana 14, gauni la sufu 11, viatu vya kike 5. Ushamaliza 30, na kila jozi ya soksi ndefu ni 2. Miaka iliyofuata kiwango kikashuka.

Watu husifu mpango huu eti ulileta usawa. Pole pole. Mama tajiri aliingia vitani na kabati limejaa nguo nzuri za miaka kumi. Msichana wa kiwandani alikuwa na gauni mbili tatu. Tena, gauni bovu la sufu lilikula kuponi 11 sawa na gauni la maana. Maskini akinunua la bei rahisi, likichanika, amepoteza pesa na kuponi pia.

Kwangu mimi, kilicholeta tofauti ni ile lebo ya CC41. Nguo zenye lebo hiyo, serikali ilisimamia kitambaa, ubora na bei yake, na mwaka 1942 zikaondolewa kodi ya mauzo. Mwaka huohuo zikaja sheria za kubana matumizi: gauni lisizidi vifungo 5 na mifuko 2, marinda yahesabiwe, darizi za urembo marufuku. Halafu wabunifu wakubwa wa London wakapewa kazi ya kubuni mitindo ndani ya sheria hizo. Mmoja wao ni Norman Hartnell, aliyekuwa akimshonea Malkia. Ghafla karani wa kawaida anavaa mkato wa fundi wa ikulu, kwa bei anayoiweza. Hiyo ndiyo noma.

Lakini mzigo wa kujinyima ulibebwa na nani? Mwaka 1943 serikali ilitoa kijitabu cha kufundisha watu kuweka viraka na kugeuza nguo kuukuu. Blanketi zikawa makoti, hariri ya parachuti ikawa nguo za ndani. Kazi hiyo ilimwangukia mwanamke, hata yule aliyeshinda kiwandani kutwa akiunda silaha.

Vita viliisha 1945, kuponi zikaendelea hadi Machi 1949. Februari 1947, Christian Dior alionyesha Paris sketi pana zinazomeza mita kibao za kitambaa. Wanawake wa London walizitamani huku wakihesabu kuponi. Mimi siwalaumu hata kidogo.

Kwa hivyo kiongozi akisimama kutuambia sote tukaze mshipi, tusiishie kuuliza kila mtu atapewa kiasi gani. Tumuulize pia: kabati lako lina nini tayari? Na bei ya kitambaa, nani anaisimamia?