Francis Kéré: Mbunifu Majengo Aliyeanza na Shule ya Kijiji Chake

Diébédo Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, Burkina Faso. Alikwenda Berlin, Ujerumani, kwa ufadhili wa mafunzo ya useremala, kisha akasomea ubunifu majengo.

Akiwa bado mwanafunzi, alichangisha fedha za kujenga shule ya msingi kijijini kwake, iliyokamilika mwaka 2001. Wanakijiji walikuwa na shaka, kwa kuwa kuta za udongo huharibiwa na mvua. Kéré aliuchanganya udongo na saruji kidogo, na kuliinua paa la bati juu ya dari ili hewa ya joto itoke na mvua isizifikie kuta. Wananchi wenyewe walifyatua matofali na kusomba mawe na maji. Ujuzi huo ulibaki kijijini na kutumika katika majengo yaliyofuata.

Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Ubunifu Majengo mwaka 2004. Nchini Kenya, alibuni kituo cha mafunzo ya teknolojia ya habari katika Kaunti ya Turkana, chenye minara mfano wa vichuguu inayotoa hewa ya joto. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Pritzker.