Mkulima Aliyetetewa na Makaratasi

Anayetaka kumkuza Abraham Lincoln mara nyingi huanza kwa kumshusha baba yake. Katika masimulizi yaliyoenea Marekani baada ya rais huyo kuuawa mwaka 1865, Thomas Lincoln ni mtu wa kuhamahama, mvivu, anayeliacha shamba moja na kukimbilia jingine kwa sababu hajui kutulia. William Herndon, aliyeshirikiana na Lincoln katika ofisi ya uwakili, aliwatafuta wazee waliomfahamu marehemu, akakusanya kumbukumbu zao, na kitabu alichokitoa mwaka 1889 kikaitia muhuri sifa hiyo mbaya. Thomas alikuwa kaburini tangu 1851. Hakuacha shajara wala barua ya kujitetea, kwani kalamu kwake ilikuwa ya kutia sahihi tu, na hiyo nayo kwa shida.

Alichoacha ni alama katika vitabu vya watu wengine: cha mtoza kodi, cha karani wa mahakama, cha mwenye duka, cha ofisi ya ardhi. Katika miaka ya 1920 mchungaji mmoja aliyeishi Kentucky, Louis A. Warren, alijitwika kazi ya kuvifungua vitabu hivyo kaunti baada ya kaunti, na mwaka 1926 akachapisha alichokikuta. Mtu aliyejitokeza humo hakufanana na yule wa masimulizi. Njia aliyoipita bado inapitika, na inamfundisha kazi yeyote anayetafuta ukoo wa mkulima wa zamani ambaye hakuandika lolote.

Inaanza na jina lililokosewa. Mwaka 1780 ofisi ya ardhi ya Virginia ilimwandikia “Abraham Linkhorn” hati ya ekari 400 baada ya kulipa pauni 160. Huyo ndiye babu yake rais, Kapteni Abraham Lincoln, mkulima wa Linville Creek katika bonde la Shenandoah. Karani aliandika alivyosikia. Anayeitafuta herufi kwa herufi familia ya Lincoln atampita mzee huyu bila kumwona, na ndiyo maana wazoefu wa kazi hii husoma orodha za zamani kwa sauti, wakilijaribu kila jina mdomoni kabla ya kulikataa.

Hati ile haikutaja shamba lolote. Ilimpa mwenyewe ruhusa ya kuvuka milima hadi Kentucky, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Virginia, achague ardhi, aandikishe dai lake, amlipe mpima, kisha asubiri hati miliki. Mipaka ilielezwa kwa alama za porini: kutoka mwaloni fulani hadi kwenye kijito, kutoka kwenye kijito hadi kwenye jiwe. Miti ilikauka, vijito vikahama, na hapakuwa na ramani moja ya kuonyesha nani kachukua wapi. Madai yakapandana, kipande kimoja kikawa na wenyewe wawili au watatu. Na juu ya wote walikuwapo Wenyeji, Washawnee wakiwemo, ambao kwao Kentucky ilikuwa nchi ya mawindo na hawakuwa wameiuza kwa ofisi yoyote ya Virginia.

Kapteni Abraham aliihamishia familia yake huko mwaka 1782. Mei 1786, akiwa shambani Long Run, mashariki ya Louisville, alipigwa risasi na mpiganaji wa Kienyeji. Mwanawe mkubwa, Mordecai, alikimbilia bunduki nyumbani, akamuua mtu huyo alipokuwa akimwendea Thomas, mtoto wa miaka minane. Kisa hiki kilisimuliwa katika familia miaka yote, na rais mwenyewe alikirudia. Kisichosimuliwa sana ni tarehe, na tarehe ndiyo iliyoamua maisha ya mtoto yule.

Marehemu hakuacha wosia. Chini ya sheria ya Virginia iliyokuwa bado inatumika, ardhi ya mtu aliyekufa bila wosia ilikwenda yote kwa mwana wa kwanza. Bunge la Virginia lilikuwa limekwisha kuifuta kanuni hiyo mwaka 1785, lakini sheria mpya, iliyowagawia watoto wote, ilianza kazi tarehe 1 Januari 1787. Baba alikufa miezi michache mno kabla. Mordecai akarithi maelfu ya ekari. Thomas akarithi mikono yake. Katika masimulizi, kaka mwenye mali na mdogo wake maskini huonekana kama tofauti ya tabia. Ukiliweka daftari la mirathi kando ya kitabu cha sheria, unaona kwamba tofauti hiyo ililetwa na kalenda.

Baada ya hapo kijana huyu anaonekana kwa vipandevipande, kila mara mahali palipo na fedha. Mwaka 1797 yumo katika hesabu za ujenzi wa kinu huko Elizabethtown, kibarua miongoni mwa vibarua. Yumo katika orodha za kodi, ambazo Kentucky iliziandika kila mwaka na ambazo leo ni dhahabu, kwa sababu madaftari ya sensa ya jimbo hilo ya 1790 na 1800 yamepotea. Orodha ya kodi husema zaidi ya jina: mwanamume aliyetimiza miaka 21 alihesabiwa kichwa, farasi wake wakahesabiwa, ekari zake zikaandikwa pamoja na kijito kilichopita karibu. Mtafiti akiona jina limeingia mwaka fulani kwa mara ya kwanza, anakadiria umri. Akiona limetoweka, anaanza kutafuta kaburi au barabara.

Mwaka 1803 orodha inabadilika. Thomas, fundi seremala sasa, amenunua shamba la ekari 238 huko Mill Creek kwa pauni 118. Mwaka 1806 mfanyabiashara wa Elizabethtown anamlipa kwa safari ya mashua ya mizigo hadi New Orleans. Mahakama inamwita kuwa mzee wa baraza, yaani mtu anayeaminika kuamua kesi za wenzake. Mzembe wa masimulizi alikuwa mlipa kodi, mwenye shamba na mwenye heshima ya kukaa barazani kabla hajaoa.

Ndoa yenyewe ilizua fitina kubwa kuliko zote. Lincoln alipopanda katika siasa, wapinzani walinong’ona kwamba wazazi wake hawakuoana. Waliotaka kuwasafisha walipekua vitabu vya Kaunti ya Hardin, walikoishi maarusi, wakatoka mikono mitupu. Rais alikufa bila karatasi hiyo kuonekana. Mwaka 1878 ikapatikana katika mahakama ya Springfield, Kaunti ya Washington: dhamana ya ndoa ya tarehe 10 Juni 1806 yenye sahihi ya Thomas, na orodha ya mchungaji wa Kimethodisti, Jesse Head, aliyewafungisha Thomas na Nancy Hanks tarehe 12. Cheti hakikuwa kimefichwa na mtu. Desturi ilikuwa ndoa kufungwa kwa upande wa bibi harusi, na walezi wa Nancy waliishi Washington. Miaka yote ile watu walikuwa wakipekua kwa bwana harusi.

Tuje sasa kwenye shutuma ya kuhamahama. Mwisho wa 1808 Thomas alinunua shamba la Sinking Spring, kama ekari 300, kwa dola 200 taslimu pamoja na deni dogo alilobebeshwa la mwenye zamani. Hapo ndipo Abraham alipozaliwa, tarehe 12 Februari 1809. Deni lile likageuka kesi, hati ikawa na mushkeli, na shamba likamtoka. Alipoliuza shamba la Mill Creek mwaka 1814, upimaji ulikuwa na kasoro kiasi kwamba hakuweza kuzihakikisha ekari zote alizokuwa amezilipia; akauza kwa pauni 100, pungufu ya alichonunulia. Wakati huo familia ilikwisha hamia Knob Creek, kwenye bonde lenye rutuba. Mwaka 1815 wakatokea warithi wa tajiri mmoja wa Philadelphia wakidai ekari 10,000 za bonde hilo, na Thomas akawa miongoni mwa wakulima walioshtakiwa ili waondolewe.

Mashamba matatu, na yote matatu yana doa la hati. Ukisikiliza masimulizi, utamwona mtu asiyetulia. Ukisoma jalada la mahakama, utamwona mtu aliyelipa fedha zake, akalima, kisha akaambiwa aliyemuuzia hakuwa na cha kuuza. Kesi ya Knob Creek aliishinda mwaka 1818, lakini hukumu ilimkuta amekwisha kwenda zake. Miaka mingi baadaye mwanawe aliandika kwamba baba aliiacha Kentucky kwa sehemu kutokana na utumwa, lakini hasa kutokana na taabu za hati za ardhi. Makaratasi yanamuunga mkono.

Alihamia Indiana mwishoni mwa 1816, mwezi uleule jimbo hilo lilipoingia katika Muungano likiwa na katiba inayokataza utumwa. Kilichomvuta zaidi kilikuwa jinsi ardhi ilivyopimwa. Kaskazini ya mto Ohio serikali kuu ilitumia sheria ya 1785: kwanza nchi ipimwe kwa miraba iliyonyooka, kila mraba wa ekari 640 upewe namba, ndipo iuzwe. Shamba la Thomas huko Little Pigeon Creek lina anwani isiyohitaji mti wala jiwe: robo ya kusini-magharibi ya mraba wa 32. Tarehe 15 Oktoba 1817 alifika ofisi ya ardhi ya Vincennes na kuweka malipo ya kwanza kwa ekari 160, kwa bei ya dola mbili kila ekari.

Mwaka uliofuata Nancy alikufa kwa ugonjwa wa maziwa, uliotokana na ng’ombe kula mmea wenye sumu wa msituni. Mwishoni mwa 1819 Thomas alirudi Elizabethtown kumwoa mjane, Sarah Bush Johnston. Deni la serikali likamwelemea kama lilivyowaelemea wakulima wengi wa Magharibi baada ya bei kuanguka mwaka 1819. Alirudisha nusu ya robo yake ili abaki na nusu ya kweli. Juni 1827 akapata hati miliki ya ekari 80, na hakuna aliyekuja kuipinga. Mwaka 1830 familia ikaenda Illinois, na huko Abraham akawa mpima ardhi kabla ya kuwa wakili. Akiwa rais, tarehe 20 Mei 1862, alitia sahihi sheria ya kuwagawia walowezi ekari 160 kwa ada ndogo, kwa sharti la kukaa na kulima miaka mitano. Ni robo ya mraba, kipimo kilekile alichokiandikisha baba yake Vincennes.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na Thomas aliyajua hayo kwa mfuko wake. Lakini daftari lenyewe nalo halimwoni kila mtu. Nancy Hanks hana cheti kinachomtaja baba yake. Ubishi kuhusu mama aliyemzaa ulidumu zaidi ya karne, hadi uchunguzi wa vinasaba vya upande wa uzazi wa mama, mwaka 2015, ulipoipa nguvu kauli kwamba alikuwa binti wa Lucy Hanks. Nchi ya Little Pigeon Creek ilitokana na mikataba iliyosainiwa Vincennes mwaka 1804 na viongozi wa Wadelaware na Wapiankeshaw. Namba za miraba zinaanza baada ya wao kuondolewa, kana kwamba hakukuwa na mtu.

Na katika orodha zilezile za kodi za Kaunti ya Hardin zinazomtetea Thomas kuna safu nyingine, ya watumwa. Humo wamo watu walioishi jirani naye, waliokata miti ileile na kulima udongo uleule, wakaandikwa kama idadi mbele ya jina la bwana. Hata Thomas aliwahi kuteuliwa katika doria ya kaunti, ambayo kazi yake ilikuwa kuwakamata watumwa waliotembea bila kibali. Sensa ya 1850 ilikuwa ya kwanza kutaja jina la kila mtu huru wa nyumba. Watumwa waliorodheshwa kando kwa umri, jinsia na rangi. Walio wengi majina yao yanaingia sensa mwaka 1870. Nyuma ya hapo mjukuu anayewatafuta hana budi kumtafuta kwanza aliyewamiliki: wosia wake, madeni yake, orodha ya mali iliyoandikwa siku alipokufa, ambako jina la mtu huweza kukaa kati ya farasi na jembe.

Makaratasi haya hayakuandikwa ili kumkumbuka yeyote. Kila moja liliandikwa kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akidai kitu: kodi, shamba, deni, mrithi, mali. Thomas Lincoln alipata utetezi kwa kuwa alihesabika miongoni mwa wanaoweza kudaiwa na kushtakiwa. Kwa hiyo anayetafuta ukoo wa mtu wa kawaida asianze kwa kuuliza aliandika nini. Aulize nani alimdai, wapi, na kwa sheria ipi. Na akikuta ukurasa mtupu, aulize pia alikuwa akihesabiwa katika mali ya nani.