Uhuru wa Kuchagua Masomo, na Mtu wa Kuongoza



Kila mwaka, matokeo ya mitihani ya Serikali yakiisha kutangazwa, tunawaona vijana wakija misioni na makaratasi mkononi. Wamepata diplome, wazazi wamefurahi, kuku amechinjwa. Lakini siku chache baadaye furaha inageuka mashaka. Kijana anatakiwa kujiandikisha universite, na kwenye karatasi kuna mahali patupu: ataandika fakulte gani? Baba anasema sheria. Mjomba anasema udaktari. Rafiki anasema, twende wote pamoja katika uchumi. Naye kijana anatutazama sisi makatekista, kana kwamba jibu limefichwa mfukoni mwetu.

Hatuna jibu la kila mtoto. Lakini tunajua kwamba swali hili ni la zamani, na kwamba watu wengine walitaabika nalo kabla yetu. Kwa hiyo leo tunataka kusimulia habari za chuo kimoja cha Marekani, jina lake Harvard. Tunakichagua hicho kwa sababu pale ugomvi wa jambo hili ulifanyika waziwazi, na mapadri Wayezuiti nao waliingia ndani yake. Tukiisha kusikia habari zao, tutarudi kwetu.

Njia moja kwa wote

Chuo cha Harvard kilianzishwa na Waprotestanti wa Massachusetts mwaka 1636. Muda wa miaka mingi mwanafunzi wa pale hakuchagua kitu. Alipofika aliandikwa jina lake, basi. Mengine yote yalikuwa yamekwisha kupangwa: Kilatini, Kigiriki, hesabu, mantiki, ufasaha wa kusema, na filosofia. Wote wa mwaka mmoja walisoma kitabu kimoja kwa saa moja. Hakuna aliyehitaji mshauri wa masomo; maana njia ikiwa moja tu, nani atasimama kuuliza njia?

Tusiwacheke watu wale. Walikuwa na sababu. Mwaka 1828 walimu wa chuo kingine, kiitwacho Yale, walitoa maandiko marefu ya kutetea desturi hiyo. Walisema kwamba akili ya kijana inapaswa kwanza kuzoezwa na kupata nguvu, na lugha za kale pamoja na hesabu ndizo zinazoizoeza vizuri. Kazi ya maisha ataijifunza baadaye. Lakini hata siku zile wengine waliwaza tofauti. Thomas Jefferson, aliyewahi kuwa Rais wa Marekani, alianzisha universite ya Virginia, iliyofungua milango mwaka 1825, na pale mwanafunzi aliruhusiwa kuchagua shule ya elimu aliyoitaka.

Mkuu mpya afungua mlango

Mwaka 1869 Harvard ilipata mkuu mpya, Charles William Eliot. Alikuwa mtu wa miaka 35 tu, mwalimu wa kemia. Aliona kwamba elimu za dunia zimeongezeka sana, hata hakuna kichwa kimoja kinachoweza kuzibeba zote katika miaka minne. Aliona pia kwamba watu hawafanani: huyu ana kipaji cha hesabu, yule cha lugha, na kumlazimisha kila mmoja kula chakula kilekile ni kuwadhoofisha wengi. Tena alisadiki kwamba kijana hufanya kazi kwa moyo katika somo alilolitaka mwenyewe.

Basi alianza kuondoa masomo ya lazima, pole pole, kutoka juu kwenda chini. Mwaka 1872 aliwaachia huru wanafunzi wa mwaka wa nne. Mwaka 1879 ikawa zamu ya mwaka wa tatu, na mwaka 1884 zamu ya mwaka wa pili. Mwaka uliofuata wale wa mwaka wa kwanza nao walianza kupunguziwa. Ilipofika mwaka 1897, somo la lazima lililobaki lilikuwa moja tu: mwaka mmoja wa kujifunza kuandika vizuri Kiingereza, kwa wale wapya. Mengine yote yalikuwa ya hiari.

Mtoto aliyetoka kwao jana, akiwa na miaka 18, alipewa orodha ndefu ya masomo akaambiwa: chagua. Je, alichagua kwa hekima? Wengine ndiyo. Walipata nafasi ambayo baba zao hawakuipata, wakazama katika elimu waliyoipenda hata wakawa mabingwa. Lakini wengine walitafuta masomo mepesi, na saa zisizowasumbua usingizi. Baadaye, walimu walipochunguza habari za wanafunzi waliomaliza mwaka 1898, walikuta kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wamechagua karibu masomo ya mwanzo tu, hili na lile. Walikuwa kama mtu aliyechimba mashimo mengi mafupi, asifike kwenye maji hata mara moja.

Kuzaliwa kwa mshauri

Hapo ndipo alipozaliwa mtu ambaye zamani hakuhitajika. Katika mji wa Baltimore universite mpya ya Johns Hopkins ilifunguliwa mwaka 1876, na mwaka uliofuata ilianza kuwapa wanafunzi washauri kutoka kati ya maprofesa. Harvard nayo, karibu na mwaka 1889, iliweka baraza la washauri kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kila mgeni alipewa mwalimu wa kumwendea kabla ya kutia masomo yake katika daftari la chuo.

Tuangalie vizuri mfuatano wa mambo haya. Kwanza ulikuja uhuru, kisha ikaonekana haja ya kiongozi. Mshauri hakuletwa ili kuondoa uhuru. Aliletwa ili uhuru usipotee bure. Lakini kazi ya namna hiyo huharibika upesi. Mshauri akiwa na vijana wengi na saa chache, anatazama orodha, anatia sahihi, anaita: mwingine aingie! Hapo karatasi imeshauriwa, kijana hakushauriwa.

Neno moja la mwalimu

Katika siku zilezile, mwaka 1888, aliingia Harvard kijana mmoja mweusi, jina lake W.E.B. Du Bois. Alikuwa amekwisha kusoma katika chuo cha watu weusi cha Fisk, katika nchi ya Tennessee, na Harvard ilimpokea katika mwaka wa tatu. Aliipenda filosofia kupita masomo yote. Mwalimu wake alikuwa William James, mtu mwenye sifa kubwa, aliyemkaribisha hata nyumbani kwake.

Kijana alipotaka kuifanya filosofia kuwa kazi ya maisha yake, James alimwambia wazi kwamba kama hawezi kuiacha, basi aifuate. Lakini kama anaweza kugeukia jambo lingine, ageukie, kwa maana ni vigumu kupata riziki kwa filosofia. Hakumkataza. Hakumwamuru. Alimwonyesha njia ilivyo, akamwachia miguu yake mwenyewe.

Du Bois aligeukia historia na elimu ya maisha ya jamii, akiongozwa pia na Albert Bushnell Hart, mwalimu wa historia. Mwaka 1895 alipata udaktari wa Harvard, mtu mweusi wa kwanza kuupata pale. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1896, kilieleza jinsi biashara ya kuleta watumwa wa Afrika katika Marekani ilivyopigwa marufuku. Maisha yake yote alitumia elimu hiyo kuwatetea watu weusi, mpaka alipofariki Accra, nchini Ghana, mwaka 1963. Shauri la mwalimu mmoja, lililotolewa na mtu anayemjua mwanafunzi wake, lilizaa matunda ambayo hata mwenyewe hakuyatazamia.

Wayezuiti wajibu

Sasa tufikie ugomvi tuliousema mwanzoni. Wayezuiti walikuwa na vyuo vyao Marekani, na vyuo hivyo vilifuata mpango wa masomo wa shirika lao, uliotangazwa mwaka 1599. Ndani yake masomo yalifuatana kama ngazi za nyumba, na mwanafunzi hakuruka ngazi. Toka mwaka 1893 shule ya sheria ya Harvard ilikuwa na orodha ya vyuo ambavyo wanafunzi wake waliingia bila mtihani. Mwanzoni hapakuwamo chuo hata kimoja cha Wayezuiti. Baada ya malalamiko vingine viliongezwa, lakini mwaka 1898 Boston College na Holy Cross vikaondolewa tena. Wakatoliki wa Boston waliona uchungu mkubwa, kwa maana mlango wa kazi za heshima ulikuwa unafungwa mbele ya watoto wao.

Mwaka 1899 Eliot aliandika katika gazeti kubwa kwamba masomo ya Wayezuiti hayajabadilika kwa karne nne, isipokuwa kidogo. Padri Timothy Brosnahan, aliyekuwa mkuu wa Boston College mpaka mwaka 1898, alitunga jibu. Gazeti lile lilikataa kulichapa. Basi lilitoka mwezi wa Januari 1900 katika gazeti la Wakatoliki wa Boston. Padri hakutukana. Alionyesha kwa utaratibu kwamba Eliot alihukumu bila kuchunguza, kwa sababu hesabu na sayansi za maumbile zilikuwa zimekwisha kuingia katika vyuo vyao. Tena alikataa kuamini kwamba kijana asiye na ujuzi aweza kujijengea elimu peke yake.

Nani alishinda? Tukisema kweli, kila mmoja alikuwa na nusu ya haki. Mwaka 1909 Eliot aliondoka baada ya miaka 40, akafuatwa na Abbott Lawrence Lowell. Huyu aliweka kanuni mpya kwa walioingia mwaka 1910: katika masomo yao 16 ya miaka minne, angalau 6 yawe ya elimu moja, ili wachimbe kisima kirefu, na mengine yatawanywe katika elimu nyingine, ili wasiwe vipofu wa jicho moja. Wayezuiti nao, katika miaka iliyofuata, waliingiza masomo ya hiari katika vyuo vyao vya Marekani. Maadui wawili walikutana katikati ya njia.

Na kwetu?

Kwetu Kongo universite zilianza kwa desturi ya Ubelgiji. Lovanium, ya Wakatoliki, ilifunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954. Ndiyo iliyounganishwa katika universite ya taifa mwaka 1971, na tangu 1981 ni Universite ya Kinshasa. Kwa desturi ile mwanafunzi alichagua mara moja tu, fakulte yake. Baada ya hapo masomo ya kila mwaka yalikuwa yamepangwa. Siku hizi nchi imeingia katika mpango mpya uitwao LMD, unaohesabu masomo kwa kredi. Lakini kwa kijana wa kijijini uzito umebaki palepale, siku ile ya kwanza mbele ya karatasi. Mwenzake wa Harvard aliyekosea alibadilisha somo moja. Wetu akikosea fakulte, mara nyingi anapoteza mwaka mzima, na mbuzi wa baba wamekwisha kuuzwa.

Basi, wazazi, tusimchagulie mtoto kwa sababu ya sifa ya jina la kazi. Tumwulize kwanza: somo gani linakukesha usiku bila kulazimishwa? Kisha tumpeleke kwa mwalimu aliyemfundisha, maana ameona madaftari yake, na kwa mtu anayeifanya kazi ile, amweleze tamu na chungu yake. Nanyi vijana, msimfuate rafiki kwa sababu ya kuogopa upweke. Rafiki hatakufanyia mtihani. Ulizeni mapema, kabla ya siku ya kujiandikisha, wala msione haya, kwa sababu kuuliza si ujinga. Nasi walimu na makatekista, kijana akitujia na karatasi yake, tusiwe watu wa kutia sahihi na kuita mwingine. Tumpe kiti akae, tumsikilize. Kisha, kama James alivyomfanyia Du Bois, tumwonyeshe njia ilivyo, tumwachie atembee.