Neno la Ukomunisti na Haki ya Kusema

Wasikilizaji, mtu akisimama Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, huliona bonde la Ruvuma chini yake, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji, nchi ya Wamakonde wengine. Huko Mueda, tarehe 16 Juni 1960, watu wengi walikusanyika mbele ya boma la Wareno kusikia jibu la maombi yao. Viongozi wao, waliopata kukaa Tanganyika, walikamatwa. Watu wakapiga kelele, na askari wakafyatua bunduki. Idadi ya waliouawa yabishaniwa hata leo.

Mwaka huo huo Masasi ilipata askofu mpya, Trevor Huddleston, Mwingereza aliyekuwa padre Johannesburg tangu 1943 hata 1956. Alikuwa ameona jinsi neno moja liwezavyo kuwafunga watu vinywa. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1950 ilitungwa kwa jina la kuzuia ukomunisti, lakini maana yake ilipanuliwa mno, hata mtu wa sala aliyepinga ubaguzi aliweza kuitwa mkomunisti. Desemba 1956 walikamatwa watu 156 kwa uhaini. Mmoja wao alikuwa Chifu Albert Luthuli, Mkristo mashuhuri. Kesi ilipokwisha Machi 1961, hakuna hata mmoja aliyeonekana na hatia.

Hofu yenyewe haikuwa ya bure. Katika Urusi ya Stalin, mwenye kupinga chama alikuwa na bahati akifungwa tu. Lakini Wareno walidai kuwa wanailinda Afrika na ukomunisti, hali kwao Ulaya, chini ya Salazar, raia hawakuwa na uchaguzi huru. Basi walikuwa wakilinda nini? Walioomba kwa maneno pale Mueda walijibiwa kwa risasi. Septemba 1964 Frelimo ilianza vita, na silaha zake nyingi zikatoka Urusi na China. Hivyo lile waliloliogopa Wareno walilikaribisha wenyewe. Mwaka 1977 Frelimo ilijitangaza kuwa chama cha Marx na Lenin, na vyama vingine havikuruhusiwa.

Nasi tusijisifu sana: Tanzania pia iliweka sheria ya chama kimoja mwaka 1965, hata ilipofutwa mwaka 1992. Ng'ambo ya Ruvuma, kura ya kwanza ya vyama vingi ilipigwa Oktoba 1994, miaka 34 baada ya mkutano wa Mueda.